Mtu Niliyemfungia Mlango

Kaeni chini, wanangu, mkae vizuri, msisimame hapo mlangoni kama abiria wanaoogopa kuachwa na gari, kwa maana ninayotaka kuwaambia ni marefu na pumzi yangu ni fupi, na nikiyakatisha katikati leo sidhani kama nitapata moyo wa kuyaanza tena kesho. Wewe mkubwa, vuta hicho kiti cha cherehani uketi karibu na kichwa changu ili nisilazimike kupaza sauti. Wewe wa kati, zima simu. Gari la mteja wako halitaota mabawa. Na wewe, kitinda mimba wangu, kaa popote unapotaka, ila nakuomba usitoke kabla sijamaliza, hata ukisikia neno litakalokufanya utamani kutoka.

Mnajua kwamba siendi tena kwenye mashine ya kusafisha damu. Nimekataa mwenyewe, wala daktari hakunifukuza, msije mkamshika koo bure. Alinieleza kwamba mishipa ya mkono imechakaa na moyo umechoka, kwamba tunaweza kutafuta mahali pengine pa kutoboa na kusogeza siku mbele kidogo, nami nikamwambia miaka mitatu ya kulala pale kwa saa nne kila Jumatatu na kila Alhamisi imenitosha. Najua mtasema nimewaacha. Semeni tu, lakini semeni nikishaondoka.

Sikuwaita niwagawie vyombo. Vyombo tutavifikia. Nimewaita kuwaambia habari za baba yenu, na nitaanza na kitabu, kwa sababu kama si kitabu kile ningekufa nimefunga mdomo.

Mnamkumbuka yule Mwalimu mstaafu aliyekuwa kitanda cha pili kutoka changu kule kwenye mashine, yule mwembamba aliyevaa miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani, halafu akawa anaitafuta yote miwili. Yeye ndiye aliyeniletea riwaya. Mimi shule niliacha darasa la sita, na tangu hapo nilichosoma ni vipimo vya sare za watoto wa watu, kifua, kiuno, urefu wa sketi. Nikamwambia kitabu kinene namna ile kitanizeesha kabla ya ugonjwa kunimaliza. Akanijibu kwamba saa nne za kutazama dari zinazeesha zaidi. Basi nikakichukua, nikawa nakisoma kwa kupitisha kidole chini ya maneno, na Mwalimu akanicheka, akasema niache kukipima, kitabu si kitambaa. Kurasa kumi kwa siku moja ya mashine, mara nyingine sita, siku ya homa hata moja haiishi. Nilikisoma kwa miezi minne.

Kilikuwa na habari za msichana mmoja ambaye chombo chao kilizama, watu wote wakapotea, yeye akaelea juu ya ubao siku kumi na moja mpaka akatupwa ufukweni. Nilidhani hiyo ndiyo hadithi. Nilidhani akishafika nchi kavu kitabu kitakwisha, watu watashangilia, nami nitamrudishia Mwalimu riwaya yake. Kumbe pale ndipo kilipoanza. Msichana anarudi kwao, anapokewa kwa nderemo, kisha siku zinapita na watu wanaanza kumngoja. Wanamngoja yule aliyekuwa akiimba akiosha vyombo. Huyu aliyerudi halali, anakaa ameegemea ukuta usiku kucha, anaficha vipande vya mkate ndani ya mto, akiguswa bega anaruka. Mama yake anavumilia, anavumilia, mpaka siku moja anamtandikia kitandani gauni lake la zamani na kumwambia, vaa hili, labda litakukumbusha ulikuwa nani.

Hapo nilikifunga. Nilikifunga kwa nguvu hata nesi akaja kutazama kama sindano imechomoka. Nilimwambia Mwalimu kwamba mwandishi huyu hajui kitu, kwamba mtu aliyeponea chupuchupu namna ile hushukuru, hula, hunenepa, hawatesi wenzake. Mwalimu hakubishana nami. Aliweka alama kwenye ukurasa aliokuwa anausoma, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe, tangu uanze kulala hapa, bado ni yule yule?"

Nilikuwa nawafikiria ninyi. Nilikuwa nakumbuka mlivyokuwa mkinong'onezana jikoni mkidhani sisikii, kwamba siku hizi mama amekuwa mkali, mama hacheki, mama anawafukuza wajukuu kwa sababu ya kelele, ile mashine imemwondoa mama yetu na kutuletea mtu mwingine. Mlisema kweli. Na pamoja na hayo mliendelea kuniogesha, mkaendelea kunipeleka kila Jumatatu na kila Alhamisi, hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia nitoke nje nirudi nikishakuwa yule wa zamani.

Mimi nilimwambia baba yenu hivyo.

Nipeni kidogo nivute pumzi.

Sasa sikilizeni, na wewe mkubwa uliyekuwa na akili wakati ule unisahihishe nikikosea. Baba yenu mtaa mzima ulimwita Marumaru, kwa sababu hapakuwa na fundi wa kutandaza vigae aliyemkaribia. Hii sakafu mnayoikanyaga aliitandaza mwenyewe, siku za mapumziko, kwa vigae vilivyobaki kwenye kazi za watu, ndiyo maana chumba hiki kina rangi tatu na ukumbi una rangi mbili, na hamtaona mahali hata pamoja panapobonyea. Alikuwa mtu wa mzaha. Alikuwa akitembea kwa magoti mchana kutwa kazini, akija nyumbani anasema miguu yake haijachoka, tucheze, na kweli mnacheza, wewe mkubwa mgongoni, wewe wa kati shingoni. Kitinda mimba ulikuwa na miezi minne lile jengo lilipoanguka.

Lilikuwa la ghorofa nne na walikuwa wanaambiwa wafanye haraka. Baba yenu alikuwa chini kabisa, kwenye chumba cha vyoo, anapanga vigae vya ukutani, pamoja na msaidizi wake aliyekuwa akimchanganyia saruji, mtu mzima mwenye mke, ambaye walimwita Mluzi kwa sababu hakuwa anajua kukaa kimya, kutwa anapiga miluzi, hata ukimsalimia anaitikia kwa mluzi. Zege lilishuka saa tano asubuhi. Nilipata habari nikiwa kwenye cherehani, nina kola ya shati mkononi, na nikatoka nayo mpaka kule, nikakaa nayo siku sita nje ya kamba waliyozungusha, wewe kitinda mimba mgongoni na kola mkononi. Siku ya sita walimtoa. Mluzi walimtoa akiwa amekwisha kufa.

Picha ya baba yenu ilitoka gazetini, amefunikwa blanketi, amefumba macho kwa sababu ya mwanga. Watu walikuja hapa kumshika tu, kana kwamba bahati inaambukiza. Nami nilijiona mwanamke aliyependelewa kuliko wanawake wote, na nilikuwa nikimhurumia mke wa Mluzi kwa ile huruma ya mtu aliyeshiba.

Kisha wageni wakaisha, tukabaki sisi. Baba yenu hakuweza kulala chini ya dari. Alitoa mkeka akalala uani, mvua ikinyesha anasimama ukingoni mwa kibaraza mpaka inyamaze. Hakutaka mlango ufungwe. Siku moja nilirudi kutoka kwa wateja nikakuta ameng'oa mlango wa chumba chetu kwenye bawaba na kuuegemeza ukutani. Wewe kitinda mimba hakukushika, nikikuweka mapajani pake alikuwa anatazama mikono yake na si wewe. Kazini hakurudi. Na maji, wanangu. Alijaza maji kwenye chupa, chupa za soda, chupa za dawa, chupa za mafuta alizozisuuza kwa majivu, akaziweka chini ya kitanda, nyuma ya kabati, ndani ya viatu vyake, kwenye kapu langu la vitambaa. Nilizikuta thelathini na kitu. Nilizimwaga zote, nikazitupa, na wiki iliyofuata zilikuwa zimerudi.

Nilivumilia, msidhani sikuvumilia. Lakini nilivumilia kama mtu anayengoja foleni, nikiamini mwisho wake nitapewa kilichonileta. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, watoto watatu, nashona tangu alfajiri, majirani wananiuliza mumeo amepata nafuu kwa sauti ya kumuulizia mwendawazimu. Nilikuwa naona aibu. Nalitamka neno hilo leo kwa sababu kwa miaka yote niliiita uchovu, na haukuwa uchovu, ilikuwa aibu.

Siku moja, mchana, alikuja akasimama pale ninaposhonea. Hakuwa mtu wa kuja pale. Akavuta kigoda akakaa, akasema, "Nataka kukuambia jambo. Ni juu ya maji." Nikasimamisha cherehani. Mimi, mama yenu, nikamtazama usoni nikamwambia, "Habari za maji sitaki kuzisikia tena ndani ya nyumba hii." Alikaa kidogo, akainuka, akarudisha kigoda mahali pake.

Haikupita wiki mbili nikamwambia lile jingine. Nilimwambia kwamba mimi niliolewa na mtu mwingine kabisa, na mtu huyo ndiye ninayemngoja, basi yeye atoke, na akikutana naye huko nje amwambie nyumbani anangojwa. Nilisema kwa utulivu, sikupiga kelele, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana la hasira lingesameheka. Alichukua shati moja na mwiko wake wa kazi. Nikaita seremala, nikaurudisha mlango wa chumba, na ule wa mbele nikautia komeo jipya. Alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alibisha, mara ya pili aliita jina langu, mara ya tatu alisimama tu, nikiona kivuli chake chini ya mlango. Sikufungua.

Ninyi niliwaambia ameondoka na mwanamke. Hapakuwa na mwanamke. Nilimtunga mimi, nikampa mpaka mji wa kukaa, na uongo ule nikaulisha miaka thelathini na mmoja mpaka ukanenepa kuliko sisi sote. Mkubwa wangu, ulikuwa na miaka kumi uliponiambia umemwona baba ng'ambo ya barabara, karibu na duka la viatu, anatutazama. Nikakwambia watu hufanana. Uliponiambia mara ya pili nilikuchapa. Ulikuwa umemwona. Macho yako hayakuwa na kosa, na kama ulikua ukiyatilia shaka, basi ni mimi niliyekufundisha. Wewe wa kati, najua ulimwambia mkeo kwamba baba yako alikufa, kwa kuwa ulichukia kusema alikukimbia. Nenda ukamwambie hakukukimbia.

Na shangazi yenu, dada yake, ambaye niliwakataza hata salamu, nikisema ana ulimi mchafu. Kosa lake lilikuwa moja tu, alikuwa anajua kwamba mimi ndiye niliyemfukuza.

Sasa wewe, kitinda mimba. Siku ya harusi yako, pale ukumbini, alisimama mzee mlangoni, amevaa koti lililombana mabega, hakutaka kuingia ndani kwa sababu ya ule umati na lile paa. Vijana wa mlangoni wakaja kuuliza ni nani. Wewe ulikuwa meza ya mbele, ukaniuliza, "Mama, unamjua yule?" Nikasema ni mlevi, watu wa namna hiyo hufuata harufu ya chakula. Ukawaambia wamtoe. Ulisema kwa adabu, ukasema wasimpige, wampe chakula aende nacho, na tangu siku ile nimekuwa nikikumbuka kwamba ulisema wampe chakula. Walimshika mikono yote miwili wakamtoa. Hakusema yeye ni nani. Alikuwa baba yako. Si wewe uliyemtoa, ni mimi niliyemtoa kwa mdomo wako.

Usiinuke. Nakuomba. Sijamaliza.

Mwalimu alikufa kabla sijamaliza kitabu. Nilifika Alhamisi moja nikakuta kitanda chake kimelaliwa na mtu mwingine, mwanamume mnene anayekoroma, na nesi akanipa ile miwani miwili nimpelekee mwanawe. Nikamalizia riwaya peke yangu. Yule msichana anaondoka kwao, anakwenda kuishi mji mwingine kwa watu wasiomjua alikuwaje, na miaka mingi baadaye mama yake anafunga safari, anauliza nyumba kwa nyumba, anafika mlangoni, anabisha. Kitabu kinaishia hapo. Nilifungua ukurasa wa nyuma, nikafungua na jalada, nikidhani umechanika. Nilimkasirikia mwandishi. Nilitaka kumuuliza Mwalimu kama mwandishi alichoka au aliishiwa na karatasi, na Mwalimu hayupo. Nikalala nikitazama damu yangu inavyozunguka kwenye mipira, nikaona kwamba hakuna mtu atakayeniambia kilichotokea mlango ulipofunguliwa, isipokuwa niende nikabishe mwenyewe.

Nilikwenda kwa shangazi yenu kwanza. Alinitazama tangu kichwani mpaka miguuni, akaona mkono wangu ulivyovimba, akameza maneno aliyokuwa ameyaweka tayari, akanielekeza. Ilikuwa siku ile niliyowaambia nimekawia hospitali. Nilimlipa dereva wa teksi akanipeleka mpaka nyuma ya maghala, kwenye barabara kuu, mahali wanapouza miche ya miti na maua kwenye vifuko vyeusi. Huko ndiko anakofanya kazi, miaka ishirini sasa. Analala hapo hapo, chini ya turubai, pande zote nne wazi.

Alikuwa amepiga magoti, anajaza udongo kwenye vifuko. Nilimtambua kwa magoti kabla ya uso. Amezeeka, meno ya mbele hayapo. Hakushtuka. Alipangusa mikono, akanisogezea ndoo aliyoigeuza mdomo chini niikalie, kisha akajaza maji kwenye kikombe cha bati akanipa, akabaki amesimama mpaka nikayanywa. Mimi sikuruhusiwa maji mengi, mnajua. Niliyanywa yote.

Alitazama kitambaa nilichofungwa mkononi, pale wanapochoma sindano. Akasema, "Umebadilika." Nikasema ndiyo, nimebadilika. Akauliza, "Na nani anakuvumilia?" Nikamjibu ni watoto. Akarudi kupiga magoti kwenye udongo wake, magari yanapita. "Basi una bahati," akasema.

Ndipo nikamwomba aniambie lile jambo la maji. Nilimwambia nimechelewa miaka thelathini na mmoja lakini nimeketi, na cherehani haipo. Aliniambia akiendelea kujaza vifuko, hakunitazama hata mara moja, na aliniruhusu niwaambie ninyi, alisema amechoka kusimuliwa kama mtu ambaye si yeye.

Walikuwa wameangukiwa upande kwa upande, yeye na Mluzi, baina yao pana kipande cha ukuta, mikono yao inafikiana kwa chini. Baba yenu alikuwa na chupa ya maji ya kulowesha saruji, imejaa nusu. Siku ya kwanza na ya pili waligawana, anaujaza maji mfuniko wa chupa na kuupitisha chini ya ukuta. Mluzi alikuwa anapiga mluzi ili walioko juu wasikie, kwa kuwa sauti ya kuita ilikuwa inawamaliza pumzi, na mluzi wake ulikuwa unapenya. Siku ya tatu akaacha. Akasema mdomo umekauka, haushiki mluzi, nipe maji kidogo niulowanishe, nawasikia watu wako karibu. Na chupa ilikuwa imebaki na maji ya kina cha vidole viwili. Baba yenu akamwambia yamekwisha.

Aliniambia, "Nilikuwa nimeishika kifuani. Nikamwambia yamekwisha."

Mluzi hakubishana. Aliendelea kujaribu, anapuliza, unatoka upepo mtupu. Alipuliza hivyo mpaka siku ya nne, kisha akanyamaza, na baba yenu akanywa yale maji peke yake, tone kwa tone, siku mbili, akiwa ameshika mkono wa mtu aliyekufa.

Hilo ndilo alilokuja kuniambia pale kwenye kigoda. Hakuwa amepata mtu mwingine wa kumwambia, na mimi nikafunga masikio. Alikuwa akijaza zile chupa, nami nikizimwaga. Nilifikiri nimeolewa na mwendawazimu, kumbe alikuwa mtu mwenye akili zake timamu anayejua alichofanya.

Mnyooshee mama yako mto, mkubwa. Hapo. Ahsante.

Mtauliza kama nilimwomba radhi. Nilimwomba. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali, hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Nikamwomba arudi nyumbani. Akasema hana hasira nami, ila hana pa kurudi, kwa maana yule ninayemkumbuka hakutoka chini ya kile kifusi, na huyu aliyetoka nilimfukuza. Nilitaka kulia, nikaona hata kulia nitamwongezea mzigo. Nikakaa pale kwenye ndoo mpaka dereva akapiga honi.

Basi haya ndiyo ninayoyataka, na myashike, maana sitayarudia.

Nyumba hii hati yake ina majina mawili, langu na lake. Nusu yangu ni yenu watatu, sawasawa, hakuna wa kuzidishiwa kwa kunitunza wala wa kupunguziwa kwa kuishi mbali. Nusu yake ni yake. Msimpelekee karatasi ya kujiondoa, wala msiiuze akiwa hai, hata akiwaambia haitaki. Wa kati, najua una mipango ya kupanua karakana, mipango ingoje. Cherehani kubwa apewe shangazi yenu. Ile ndogo achukue mkubwa. Kitinda mimba, wewe nilikuwa nimekuwekea... nilikuwa nimekuwekea vitambaa vyangu vyote vizuri, vile vya kwenye sanduku. Sijui kama sasa utavitaka. Vipo.

Riwaya na ile miwani mpeni mwana wa Mwalimu pamoja na salamu zangu. Sikuwahi kwenda kumpa pole, tangu siku ile nimekuwa nikiahirisha.

Kwa baba yenu nendeni. Sikuwaagiza mkamrudishe, nimewaagiza mwende. Alisema msiende wote siku moja, watu wengi hawezi. Alisema asiyezoea kumwita baba asijilazimishe. Mkae pale nje, akiwapa maji mnywe, mnywe mbele yake mpaka mwisho. Msimuulize ya kifusi. Mkiona hacheki msimchekeshe. Msingoje mzaha wake wa zamani, wewe mkubwa hasa, wewe uliyepanda mgongo ule; haupo tena, na ukiungoja ataona, alikuwa anaona kila siku nilipokuwa nikiungoja mimi.

Nikifa mwambieni, kisha mwacheni. Akija asimame mbali, akisimama mbali msimvute. Asipokuja asisemwe. Mtu wa kwanza kumsema kwenye msiba wangu mtoeni nje, hata awe... hata awe ndugu yangu.

Na mke wa Mluzi yu hai. Anauza nguo za watoto karibu na stendi. Hajui. Baba yenu anasema atamwambia mwenyewe, kabla hajafa, na nimemwambia nitamwombea ujasiri huo. Ninyi msimtangulie. Si habari yenu kuipeleka.

Mimi sina zaidi. Nimewadanganya, nimewalea, yote mawili kwa mikono hii hii, na sijui namna ya kutenganisha... Sauti inakwenda. Njooni. Mmoja mmoja, mnipe mkono, niwape baraka mkiwa bado mnanisikia.

Mkubwa. Mkono wako wa baridi. Mungu akupe macho yako tena, uyaamini. Uwe na amani nyumbani kwako.

Wa kati. Usilie hivyo, utanikatisha. Mungu akulinde na vyuma, na magari, na kila kizito kilicho juu yako. Watoto wako wakujue. Wakujue hata ukibadilika.

Kitinda mimba.

Kitinda mimba wangu... Hutaki. Mwacheni, mkubwa, usimvute mkono. Mwache hapo hapo ukutani. Sikuombi uje. Sikuombi uwe yule aliyekuwa akinipikia uji jana asubuhi, yule hajui haya, wewe unayajua. Mungu akuweke. Akupe watoto, uwatazame usoni. Nakubariki ukiwa umekasirika hivyo hivyo... umenipa mgongo hivyo hivyo. Nakubariki wewe. Huyu wa sasa.